Kichwa cha Niger, urefu wa Turkana, kesi ya Olduvai: mamba watatu waliogeuzwa mmoja

Picha yenyewe huenda umeshaiona. Mtu amechuchumaa kando ya fuvu la rangi ya udongo, fuvu refu karibu sawa na yeye akisimama, na chini yake kuna maandishi kwa herufi kubwa: MAMBA WA ZIWA TURKANA, MITA 12, ALIKUWA ANAKULA MABABU ZETU. Inaingia kwenye grupu la ukoo, inazua ubishi wa siku mbili, inafunikwa na salamu za asubuhi na michango ya harusi, halafu baada ya miezi inafufuka, safari hii imetumwa na mtu mwingine.

Mara ya mwisho ilipotua kwetu, mjomba ambaye aliwahi kufanya kazi Lodwar, karibu na Ziwa Turkana nchini Kenya, alijibu kwa neno moja: "Kweli." Shangazi akauliza kama bado wapo, maana mwanawe anasafiri kwenda huko wiki ijayo. Kijana wa kidato cha pili akasema huyo si mamba, ni dinosaria. Nilipoyasoma majibu yote niliona kila mmoja ameshika kipande cha ukweli, au angalau cha jambo linalokaribia ukweli, ila vipande vyenyewe havikutoka kwa mnyama mmoja.

Maandishi yale yamefunga wanyama watatu kwa kamba moja. Fuvu la pichani lina uvimbe kwenye ncha ya pua, mviringo kama kitako cha kibuyu, na hiyo ni alama ya mnyama wa Niger. Mamba mkubwa wa Turkana alikuwapo kweli, lakini kichwa chake hakikuwa hivyo wala hakufika mita 12. Na mifupa ya zamadamu, yaani jamaa wa kale wa binadamu, yenye alama za meno ya mamba haikupatikana Turkana. Kesi hiyo ni ya Olduvai, Tanzania, na mshitakiwa wake ni mamba wa tatu. Tuwafungue mmoja mmoja.

Maneno machache kwanza

Kisukuku ni masalia ya kiumbe wa kale yaliyohifadhiwa ardhini, mara nyingi mfupa uliogeuka jiwe. Mamba akifia mtoni, nyama huoza na mifupa hufunikwa na tope na mchanga. Maji yanayopenya humo yanaacha madini ndani ya vitundu vya mfupa, kidogo kidogo, mpaka unabaki na jiwe lenye umbo la mfupa. Ukiwa na birika la zamani linalochemshia maji ya kisima umeona ule ukoko mweupe unavyojijenga ndani; hapa ukoko unaingia hadi kwenye kiini, na kazi inakwenda kwa maelfu ya miaka. Mamba wana bahati katika jambo hili kuliko wanyama wengi, kwa sababu wanaishi na kufia pale pale penye tope.

Spishi ni aina moja ya kiumbe: mamba wa Nile, huyu tuliye naye mitoni na maziwani, ni spishi moja, mamba wa maji chumvi wa Asia na Australia ni nyingine. Spishi zinazokaribiana huwekwa chini ya jenasi moja, kama ndugu waliozaliwa nyumba moja. Jina la kisayansi lina sehemu mbili: la kwanza ni la nyumba, la pili ni la mtoto mwenyewe. Mamba wa Nile ni *Crocodylus niloticus*, yaani mtoto wa nyumba ya *Crocodylus*.

Sasa neno "mamba" lenyewe. Fikiria dagaa. Dagaa wa Kigoma na dagaa wa Mwanza wote ni wadogo, wanaanikwa juani, wanapimwa kwa kopo, na tunawaita jina moja. Lakini kinasaba ni samaki wa familia mbili tofauti kabisa. Jina tumewapa kwa umbo na kwa kikaango. Mamba nao ni hivyo hivyo. Wapo mamba wa kweli, yaani nyumba ya *Crocodylus* na majirani zake wa karibu. Wapo alligeta na gariali, ambao ni ukoo wa mbali kidogo. Halafu wako viumbe wa kale sana ambao ungewakuta ukingoni leo ungepiga kelele "mamba!" na kukimbia, lakini nasaba yao ilijitenga na hii ya sasa mamilioni ya miaka kabla ya mamba wa kweli wa kwanza kuzaliwa.

(Na kama umesoma habari hizi kwa kutumia programu ya kutafsiri ukakutana na "mamba mweusi", huyo ni koboko. Kwa Kiingereza "mamba" ni jina la nyoka.)

Fuvu lililohitaji watu wanne

Mamba wa Turkana ana jina linalochosha ulimi: *Crocodylus thorbjarnarsoni*. Alipewa jina hilo mwaka 2012 na wataalamu wawili wa Marekani, Christopher Brochu wa Chuo Kikuu cha Iowa na Glenn Storrs wa makumbusho ya Cincinnati. Walitaka kumuenzi John Thorbjarnarson, mhifadhi aliyetumia maisha yake kutetea mamba sehemu nyingi za dunia, na ambaye alifariki kwa malaria mwaka 2010.

Watu wengi wakisikia "spishi mpya imegunduliwa" wanamwona mtu mwenye kofia na sururu akiibuka kutoka shimoni. Huyu hakugunduliwa hivyo. Mifupa yake ilikuwa tayari Nairobi, kwenye hifadhi ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, imechimbwa miaka mingi nyuma na kupewa namba. Namba zenyewe zinasimulia. Fuvu kubwa kuliko yote limeandikwa KNM-ER 1682. KNM ni Makumbusho ya Taifa ya Kenya. ER ni "Mashariki ya Rudolf", kwa sababu wakati utaratibu huo wa namba unaanza ziwa lilikuwa bado linaitwa Rudolf, jina ambalo msafara wa Teleki, msafiri kutoka Ulaya, ulilibandika mwaka 1888 kwa heshima ya mwana wa mfalme wa Austria. Mwaka 1975 ziwa likaitwa Turkana. Vibandiko vya namba havikubadilishwa, na mpaka leo kila mfupa kutoka upande ule unabeba jina la mwana wa mfalme ambaye hakuwahi kukanyaga pale.

Kabla ya 2012 mifupa hiyo ilihesabiwa kuwa ya mamba wa Nile mkubwa kupita kiasi, au ya mamba mwingine wa kale aliyepatikana kwanza Misri. Brochu na Storrs walipoipitia upya, kipande kwa kipande, waliona pua pana kuliko ya mamba wa Nile na maungio ya mifupa ya fuvu yasiyolingana naye. Tofauti za namna hii hazionekani kwa mtu anayepita, kama vile mgeni asivyoweza kutofautisha mbuzi wa jirani na wako. Mchungaji anaweza.

Brochu alieleza baadaye kwamba fuvu moja lilihitaji watu wanne kulinyanyua. Kumbuka hapo ni jiwe linalobebwa, sio mfupa mkavu.

Kichwa sentimita 85, mwili mita ngapi?

Hapa ndipo namba za mitandaoni zinapochanganya watu, na hapa nitakaa kidogo. Mwili mzima wa mamba huyu haujapatikana. Kilichopo ni mafuvu na vipande. Basi wale wanaosema mita 7, 7.5 au 8 wamezitoa wapi?

Wamezitoa kwenye kichwa. Mamba wazima hukua kwa uwiano unaojulikana kati ya urefu wa fuvu na urefu wa mwili, kama fundi mzoefu anavyotazama mkono wako akakadiria shati. Mamba mkubwa zaidi kuwahi kupimwa vizuri akiwa hai ni Lolong, mamba wa maji chumvi aliyekamatwa Ufilipino mwaka 2011. Alikuwa na mita 6.17 toka pua hadi ncha ya mkia, na kichwa chake kilikuwa sentimita 70. Gawanya: mwili ni mara 8.8 ya kichwa.

Fuvu kubwa la Turkana lina sentimita 85 hivi. Lizidishe kwa 8.8, unapata sentimita 748, karibu mita 7.5. Hayo ndiyo makadirio yanayotajwa zaidi, ingawa wanasayansi hutumia vipimo vya mamba wengi badala ya mmoja. Lakini wapo wanaotumia kanuni ya zamani kwamba kichwa cha mamba ni sehemu moja ya saba ya mwili. Kwa kanuni hiyo fuvu lile lile linakupa mita 5.95 tu! Mita moja na nusu imeyeyuka bila mfupa wowote kubadilika. Na taarifa ya chuo kwa waandishi wa habari ilisema huenda alizidi futi 27, yaani zaidi ya mita 8. Ukikutana na namba tatu tofauti, usidhani kuna aliyesema uongo. Ni fuvu moja na kanuni tatu.

Mimi naegemea kwenye 7.5. Kanuni ya "moja ya saba" inafaa zaidi kwa mamba wa kawaida kuliko kwa majitu, na Lolong ni ushahidi wa aina hiyo.

Mita 7.5 ni nyingi kiasi gani? Coaster ndefu, ile inayokwenda mikoani, ina karibu mita 7. Mamba huyu akilala sambamba nayo, mkia unapita bampa. Dume la mamba wa Nile tunaloliita kubwa leo lina mita 4 hadi 5.

Uzito ndio unaoshangaza zaidi, kwa sababu hauendi hatua moja na urefu. Chukua tofali la sentimita 10 kila upande, kisha finyanga jingine la sentimita 15 kila upande. Urefu umeongezeka nusu tu, ila udongo uliotumika ni zaidi ya mara tatu. Mwili wa mamba unafuata hesabu hiyo hiyo. Lolong alikuwa na kilo 1,075. Ukimkuza mpaka mita 7.5 bila kubadilisha umbo lake, anafika kilo 1,900 hivi. Ni hesabu ya karatasini, lakini inatosha kukuonyesha kwamba hatuzungumzii mamba mrefu kidogo.

Kile kichwa cha pichani

Huyu tumalizane naye haraka. Uvimbe wa ncha ya pua ni wa *Sarcosuchus*, aliyepatikana Gadoufaoua, katika jangwa la Ténéré nchini Niger, na kupewa jina na wanasayansi wa Ufaransa mwaka 1966. Fuvu lake lina mita 1.6 hivi, karibu mara mbili ya lile la Turkana. Aliishi miaka kama milioni 112 iliyopita, mahali ambapo sasa ni mchanga mtupu lakini wakati huo palikuwa na mito, na majirani zake walikuwa dinosaria hasa. Kwa hiyo kijana wa kidato cha pili hakukosea sana: fuvu ni la enzi za dinosaria. Ila mwenye fuvu hakuwa dinosaria, wala hakuwa mamba wa kweli. Ni dagaa wa ziwa jingine.

Zile "mita 12" nazo ni zake. Makadirio ya zamani yalimpa mita 11 hadi 12. Uchunguzi wa karibuni, wa 2019, umemshusha hadi mita 9 na ushei. Kati yake na mamba wa Turkana kuna zaidi ya miaka milioni 100. Kuwaunganisha ni kama kuweka kichwa cha tembo kwenye kiwiliwili cha nguva kwa sababu wote wanatoka upande mmoja wa ukoo.

Kwa hiyo mtu akikuuliza kama mamba wa Turkana ndiye mkubwa kuliko wote waliowahi kuishi, jibu linategemea unahesabu nani. Ukihesabu kila jamaa wa mamba, *Sarcosuchus* na *Deinosuchus* wa Amerika Kaskazini wanampita. Ukibaki ndani ya nyumba ya mamba wa kweli, anagombea nafasi ya kwanza.

Ndugu wa babu

Kosa jingine linalorudiwa, hata na watu wasomi, ni kwamba mamba mkubwa wa Turkana ndiye babu wa mamba wa Nile, akapungua umbo kadiri miaka ilivyokwenda. Inaleta maana: mahali pale pale, mnyama wa aina ile ile. Brochu na Storrs walipopanga nasaba walikuta vingine. Mamba wa Turkana yuko karibu na yule wa Olduvai, na wote wawili wako kwenye tawi la pembeni, nje ya ukoo uliomzaa mamba wa Nile. Kwa lugha ya nyumbani, ni ndugu wa babu: mmekaa boma moja, mnafanana sura, lakini hukutoka kwake, na ukoo wake ulikatika.

Na mamba wa Nile, ambaye watalii huambiwa ni "mnyama asiyebadilika tangu enzi za dinosaria", ni kijana tu. Dinosaria wakubwa waliondoka miaka milioni 66 iliyopita. Ukoo mpana wa mamba ni wa kale kweli, ila spishi hii ni ya juzi kwa saa ya miamba. Vinasaba vyake vinasema jambo ambalo nilipolisoma mara ya kwanza nililirudia: yuko karibu zaidi na mamba wa Amerika kuliko na mamba wa Afrika Magharibi. Huyu wa Afrika Magharibi, *Crocodylus suchus*, alikuwa akihesabiwa kuwa mamba wa Nile mdogo mdogo, mpaka mwaka 2011 Evon Hekkala na wenzake walipopima vinasaba, vikiwemo vya mamba waliokaushwa na Wamisri wa kale, wakaona ni spishi mbili. Na kuna fuvu la mamba wa Libya, la miaka kama milioni 7, lenye nundu katikati ya pua kama walizonazo mamba wa Amerika leo. Wataalamu waliolichunguza upya mwaka 2020 wanaona ni dalili kwamba mamba walivuka Atlantiki kwa kuogelea wakitokea Afrika.

Hili la "hajabadilika" linaniudhi kidogo, nikiri. Ukoo huu umewahi kutoa mnyama wa Madagaska mwenye uso butu, mdogo kuliko mbuzi, aliyekula majani. Umewahi kutoa wa baharini wenye mkia kama wa samaki. Kenya yenyewe, katika kisiwa cha Maboko ndani ya Ziwa Victoria, kumepatikana mifupa ya mamba wa miaka kati ya milioni 15 na 18 iliyopita ambaye mwaka 2022 alipewa jina *Kinyang*, neno la Kiturkana la mamba. Wajaluo wanaosoma hapa watakuwa wameshalitambua bila kuambiwa, maana neno lao linafanana nalo. Huyo naye ni wa upande wa mamba kibete wa misitu ya Kongo, si wa mamba wa Nile.

Kesi ya Olduvai

Sasa lile swali lenyewe: alikula watu?

Kwanza, watu kama sisi hawakuwapo. Mamba wa Turkana aliishi kati ya miaka milioni 4 na milioni 2 iliyopita. Waliokuwapo ni zamadamu, waliotembea kwa miguu miwili, wengi wao wafupi. Yule mashuhuri wa Ethiopia aitwaye Lucy alikuwa na urefu wa mita 1.1 hivi, kimo cha mtoto anayeanza shule. Mifupa ya zamadamu na ya mamba hawa imepatikana katika maeneo yale yale ya Turkana. Walikunywa maji ya mto mmoja.

Brochu alisema wazi kwamba hakuna mfupa wa zamadamu wenye alama za meno ya mamba wa Turkana. Akaongeza, kwa mzaha wenye hesabu ndani yake, kwamba pengine hakukuwa na haja ya kung'ata sana: mamba walikuwa wakubwa kuliko wa sasa na sisi tulikuwa wadogo. Mamba hatafuni. Hushika, huzungusha, hurarua, humeza. Kinachomezwa kizima hakiachi ushahidi.

Ushahidi upo Olduvai, na una sura ya pekee. Mtanzania Jackson Njau na mwenzake Robert Blumenschine walitaka kujua mfupa uliong'atwa na mamba unatofautianaje na ule uliotafunwa na fisi au chui. Wakafanya jambo la akili na rahisi: waliwapa nyama yenye mifupa mamba wanaofugwa, kisha wakaikusanya mifupa iliyobaki na kuisoma. Jino la mamba ambalo halijachakaa lina ukingo mkali mbele na nyuma, kama kisu chenye makali pande zote mbili. Likibonyea mfupani linaacha shimo la mviringo lililopasuliwa katikati na mstari mmoja mwembamba, mfano wa punje ya kahawa. Fisi haachi alama hiyo. Tena fisi huguguna ncha za mfupa mpaka ziishe, na mamba hana meno ya kuguguna.

Wakiwa na alama hiyo kichwani walirudi kwenye visukuku vya Olduvai. Kati ya vilivyobeba alama za mamba kuna chenye namba OH 8, mguu wa kushoto uliopatikana mwaka 1960 na timu ya watafiti Louis na Mary Leakey, na ambao huhesabiwa kuwa wa *Homo habilis*, mmoja wa zamadamu. Vidole havipo. Mifupa iliyobaki inaunganika vizuri kiasi kwamba ukiiona picha yake unajua mara moja ni mguu wa mtu, au wa kiumbe aliyekaribia sana kuwa mtu, na juu yake yapo yale mashimo. Mtu wa kimo cha mtoto wa darasa la pili alikuwa ukingoni mwa maji, miaka zaidi ya milioni 1.8 iliyopita.

Alama hizo hazisemi kama mamba alimuua au alimkuta amekwisha kufa. Zinasema alimla. Mwaka 2010 Brochu, Njau, Blumenschine na mwenzao mmoja walimpa jina mamba wa Olduvai wa wakati huo: *Crocodylus anthropophagus*, maana yake mamba mla watu. Alikuwa na pembe mbili za mfupa nyuma ya macho, kubwa kuliko za mamba yeyote wa Afrika leo, na hakuwa na ukubwa wa yule wa Turkana. Jina lake ndilo lililohama mtandaoni likaenda kumkalia ndugu yake mkubwa.

Shangazi aliniuliza pembeni: hiyo milioni wanaihesabuje, nani alikuwepo? Wanaihesabu kwa majivu. Bonde la Ufa lina volkano, na kila mlipuko ulimwaga majivu yaliyotulia juu ya tope kama unga unaopepetwa juu ya meza. Tope likaja juu, kisha majivu mengine, tabaka juu ya tabaka. Ndani ya chembe za majivu kuna potasiamu ambayo sehemu yake hugeuka kuwa gesi ya agoni kwa mwendo usiobadilika, basi ukipima gesi iliyokusanyika unajua majivu yalianguka lini, na kisukuku kilicho kati ya majivu mawili kina umri ulio kati yake. Saa hii inaweza kusomwa vibaya pia. Tabaka moja mashuhuri la Koobi Fora, mashariki ya Turkana, lilitangazwa kwanza kuwa la miaka milioni 2.6, wataalamu wakabishana karibu miaka 10, mwisho ikathibitika ni kama milioni 1.9. Umri wa baadhi ya visukuku ukashuka nalo.

Bado wapo?

Hapana. Turkana ya wakati ule haikuwa hii. Mara palikuwa na mto mkubwa unaopita bondeni, mara ziwa, mara ziwa likapotea, na maji hayo yalilisha aina kadhaa za mamba kwa pamoja: jitu letu lenye pua pana pamoja na *Euthecodon*, mwenye mdomo mwembamba mrefu kama chuchunge, mvuvi wa samaki. Viboko, tembo na swala walikuja kunywa. Nchi ilikauka na kubadilika mara nyingi, majitu yakatoweka, na mamba wa Nile anaonekana bondeni baada ya baadhi yao kuondoka. Leo ndiye anayetaga kwenye Kisiwa cha Kati cha Ziwa Turkana, ambako moja ya maziwa ya kreta limepewa jina lake, Ziwa la Mamba.

Kuna wanaomtaja Gustave wa Burundi, yule wa mto Ruzizi na Ziwa Tanganyika, kama uthibitisho kwamba majitu hayakuisha. Gustave alikuwa mamba wa Nile. Alikadiriwa kuzidi mita 6 kwa macho na kwa picha, hakuwahi kukamatwa, na hakuna aliyempitishia utepe. Lolong alipitishiwa.

Niliandika muhtasari wa haya kwenye grupu. Kijana akaweka alama ya dole. Mjomba hakujibu, na namjua, kunyamaza kwake ndiyo kukubali. Shangazi ndiye aliyerudi: "Kwa hiyo mwanangu akioga ziwani hakuna shida?"

Shida ipo, shangazi. Wa mita 4 anatosha.